Digrii ya biashara inanidai falsafa na fasihi. Nichague kozi ipi, na kwa nini nilipie?

#1 Karani wa Tumbaku
Wakuu, habari. Niko Urambo, Tabora, natunza vitabu vya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya tumbaku. Jioni nasoma digrii ya usimamizi wa biashara kwa mtandao, chuo cha Marekani. Uhasibu, takwimu, uchumi, vyote vinakwenda. Juzi nafungua ukurasa wa usajili naambiwa sitahitimu mpaka nipate krediti 6 za kundi wanaloliita humaniti (masomo kama falsafa, fasihi, dini na sanaa). Maana yake kozi mbili za krediti tatu tatu, na zisitoke idara moja.

Zilizopo semista hii: Utangulizi wa Falsafa, Mantiki, Maadili, Fasihi ya Dunia, Historia ya Sanaa, Dini za Dunia, Ustaarabu wa Ugiriki na Roma, na Kihispania cha kuanzia.

Mimi ni EGM (uchumi, jiografia na hesabu). Riwaya ya mwisho nilisoma kwa sababu ilikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Msimamo wangu ni kwamba kozi hizi zimewekwa ili tulipe zaidi. Mwenye sababu nyingine ailete. Na kama lazima nichague, ipi haitaniangusha GPA (wastani wa alama)? Dirisha linafungwa Ijumaa.

#2 Mgebuka Mkavu
Sisi wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) tulikomaa na hesabu mpaka kidato cha nne na hakuna aliyetufungulia uzi. Komaa na wewe.

#3 Asali Mbichi
Mkuu naunga mkono hoja. Biashara tu hiyo. Digrii yao ni krediti 120, lakini ukihesabu kozi za fani yenyewe hazifiki hata nusu kwenye vyuo vingi. Zinazobaki ni za jumla na za kuchagua. Uingereza mtu anamaliza digrii kwa miaka mitatu kwa sababu anasoma fani yake tangu siku ya kwanza. Mmarekani anakaa minne. Huo mwaka wa nne nani anaulipia? Ni yale mambo ya miaka ya themanini, unataka sukari unaambiwa nunua na sabuni.

#4 Binti Ujiji
Chukua Dini za Dunia, ndugu yangu. Umekulia Tabora, umesikia adhana na kengele za kanisa tangu unazaliwa. Nusu ya kozi unayo tayari.

#5 Mha wa Texas
Karani, mimi ni mtu wa Kasulu, niko huku Texas, nilianzia chuo cha miaka miwili kisha nikahamia chuo kikuu. Kabla hujaulizia kozi rahisi, ulizia kozi INAYOHESABIKA. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwa mfano huku, vyuo vya serikali vina kozi za msingi za krediti 42 kwa kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au muziki. Ndani yake kuna kundi la Lugha, Falsafa na Utamaduni, krediti 3. Kuna Sanaa za Ubunifu, krediti 3. Historia ya Marekani ina kundi lake peke yake, krediti 6, na serikali na siasa nayo 6. Sasa mwenzangu mmoja, naye wa huko kwetu, alisoma historia mbili akijua amemaliza humaniti. Anakwenda kwa mshauri wa masomo anaambiwa hizo zimeingia kwenye kundi la historia, lile la Lugha na Falsafa bado liko wazi. Alihitimu semista moja nyuma ya wenzake.

Vyuo vingine historia wanaiweka kwenye sayansi za jamii. Vingine kwenye humaniti. Jina la kozi lisikudanganye, fungua katalogi (kitabu cha kozi na masharti) ya chuo CHAKO, na iwe ya mwaka ULIOINGIA, maana masharti yanayokubana kwa kawaida ni ya mwaka huo, siyo ya wanaoingia sasa.

#6 Mwalimu wa Zamu
Mha wa Texas, hapo pa historia pana kituko. Sheria yao wenyewe ya mwaka 1965, iliyounda mfuko wa taifa wa kusaidia masomo haya, inaitaja historia waziwazi kuwa ni humaniti. Imo pamoja na lugha, isimu, fasihi, falsafa, sheria kama taaluma, akiolojia, dini linganishi na maadili. Yaani Bunge lao limesema historia ni humaniti, halafu karani wa usajili anasema siyo.

#7 Mha wa Texas
Na karani ndiye anayesaini cheti 😂

#8 Asali Mbichi
Mnazunguka tu. Hakuna aliyejibu hoja ya pesa.

#9 Mwalimu wa Zamu
Nakujibu. Hoja ya pesa inaeleza kwa nini hawazipunguzi, haielezi kwa nini zilianza. Chuo cha Harvard kilianza 1636, na kazi mojawapo kubwa ilikuwa kuandaa wachungaji. Kila mtu alisoma mambo yaleyale: Kilatini, Kigiriki, mantiki. Hapakuwa na kuchagua. Akaja mkuu wa chuo aitwaye Charles Eliot, 1869, akafungua milango, mwanafunzi ajichagulie karibu kila kitu. Matokeo yake vijana wakawa wanaokota kozi nyepesi za mwanzomwanzo (swali lako hilohilo, Karani, la "ipi haitaniangusha GPA"). Aliyemfuata mwaka 1909, Lowell, akafunga kidogo: soma fani moja kwa kina, halafu utawanye kozi nyingine kwenye makundi mengine. Huo mgawanyo wa makundi unaokusumbua Urambo ndipo ulipotokea.

Baada ya vita vya pili, 1945, Harvard wakatoa ripoti ya elimu ya jumla kwa jamii huru, na vyuo vingi vikaichukulia kama dira. Hofu yao ilikuwa mtu mwenye ufundi mwingi asiyeweza kupima anachoambiwa na mwanasiasa.

#10 Mgebuka Mkavu
Na imewasaidia kweli? Naomba nisijibiwe.

#11 Kibirizi Online
Mwalimu wa Zamu umeruka kitu. Kabla ya 1945 kuna Columbia, New York, 1919. Wakati wa vita vya kwanza serikali iliwataka wafundishe wanajeshi wanafunzi kozi ya kueleza vita inapiganwa kwa sababu gani. Vita ikaisha, kozi wakaigeuza kuwa ya ustaarabu wa siku hizi, lazima kwa wote. Kwa hiyo mzizi siyo kanisa, ni jeshi. Walitaka raia ajue anakufa kwa ajili ya nini.

#12 Frateri Mstaafu
Kanisa hamliepuki, vijana. Mpaka leo padri Mkatoliki haingii teolojia kabla ya kupitia falsafa. Mimi nilitoka seminari njiani (msiulize), lakini falsafa nilimaliza. Karani, nisikilize, maana wewe ni mtu wa EGM: chukua Mantiki. Mantiki ni hesabu zisizo na namba. Unapewa kauli, kwa mfano "Wakulima wote wa AMCOS wana mkopo wa pembejeo. Mzee huyu ana mkopo wa pembejeo. Kwa hiyo ni mkulima wa AMCOS." Unaulizwa hitimisho limetoka? Halijatoka. Anaweza kuwa amekopa kwingine. Kozi nzima ndiyo hiyo, baadaye wanaweka alama badala ya maneno, unachora majedwali ya kweli na uongo. Mtu wa EGM anapata A akiwa amelala.

Falsafa ya utangulizi usiiguse. Ile ni kuandika. Unapewa kurasa nne za Plato, unaandika kurasa tano.

#13 Karani wa Tumbaku
Frateri huo mfano umenigusa, tuna mzee mmoja hapa wa aina hiyohiyo 😂 Mantiki naiwekea alama. Ya pili je?

#14 Mha wa Texas
Ngoja kwanza. Mantiki ina mtego. Kuna vyuo mantiki ya alama inahesabiwa kwenye kundi la hesabu na fikra za kiidadi, siyo humaniti, japo inafundishwa na idara ya falsafa. Iko kwenye orodha yako, sawa, lakini orodha ya kozi zinazofundishwa semista hii na orodha ya kozi zinazotimiza sharti ni vitu viwili. Andikia mshauri wako leo. Andika hivi: "Kozi hii, yenye namba hii, inatimiza sharti hili kwenye katalogi ya mwaka huu?" Jibu lije kwa maandishi, ulihifadhi.

#15 Kinana wa Chem Chem
Mimi naona mnamtesa bure. Kuna Kiswahili kinafundishwa vyuo kibao vya Marekani, na lugha ya kigeni mara nyingi inahesabika humaniti. Aombe Kiswahili. A ya bure.

#16 Mha wa Texas
Haiwi hivyo. Kozi ya lugha ya kuanzia ni ya wasiojua lugha hiyo. Mzawa akijisajili idara nyingi zinamtoa, au zinampa mtihani wa kumpanga daraja. Kuna vyuo ukifaulu huo mtihani wanakuondolea sharti la lugha, lakini kukuondolea sharti siyo lazima wakupe krediti. Unabaki unadaiwa krediti zako.

#17 Kinana wa Chem Chem
Duh. Yaani najua lugha, nanyimwa kozi kwa sababu naijua.

#18 Mgebuka Mkavu
Chuo gani kitakupa A ya Kiswahili wewe unayeandika "hakuna" kama "akuna"?

#19 Nesi wa Maweni
Habari zenu. Nataka kumrudisha Asali Mbichi kwenye hoja yake ya pesa (post #3). Kwani hapa kwetu hatulazimishwi? Kidato cha tano wote tulisoma GS (General Studies, somo la jumla), PCB wa sayansi kwa HGL wa sanaa. Ukifika chuo kikuu kuna DS, kozi ya maendeleo, daktari na mwanasheria wanakaa ukumbi mmoja. Hapo Mmarekani yuko wapi?

#20 Asali Mbichi
DS ni ya Nyerere, ina sababu yake. Ilikuwepo tangu chuo kinaanza, kutengeneza wasomi wasiojisikia.

#21 Mwalimu wa Zamu
Haikuwepo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, kikiwa chini ya London. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawafukuza wakarudi makwao. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Mjadala wa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote uliwaka baada ya hapo, na taasisi ya taaluma za maendeleo pale Mlimani ikaanzishwa 1973. Kwa hiyo hata sisi kozi ya lazima ilizaliwa na hofu ya msomi aliyejitenga. Sitofautishi sana na ile ripoti ya 1945.

#22 Kibirizi Online
Tofauti ipo. Wao wanakupa makundi uchague ndani yake. Sisi tulipewa kozi moja, wote tukae, tuandike kilekile. Kuna watu waliimba DS miaka na miaka na hawakumbuki hata nadharia moja. Ukumbi watu mia kadhaa, spika inakoroma, desa limepigwa kopi mpaka herufi hazionekani.

#23 Nesi wa Maweni
Hilo la desa ni kweli tupu 😂😂

#24 Binti Ujiji
Halafu mnasema masomo haya hayana faida. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Tabora, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh kusomea sayansi.

#25 Frateri Mstaafu
Binti, Edinburgh alirudi na digrii ya sanaa, MA, mwaka 1952. Stashahada ya ualimu aliichukua Makerere kabla ya hapo. Na Edinburgh masomo yake yalikuwa mchanganyiko hasa: uchumi, historia, Kiingereza, katiba, na falsafa ya maadili. Ukitafuta mfano wa mtu aliyesoma kozi za makundi tofauti chini ya digrii moja, huyo hapo. Uskoti wana mila hiyo ya kusoma mapana kabla ya kubana, na digrii yao ya kwanza ya sanaa wanaiita MA. Asali Mbichi, Uingereza yako ya miaka mitatu ni Uingereza ya kusini. Waskoti wanakaa minne.

#26 Asali Mbichi
Sawa Frateri, minne. Na hao nao wanalipwa ada 😎

#27 Binti Ujiji
Basi chukueni wa Kigoma. Marehemu Jane Goodall alifika Gombe 1960 bila digrii yoyote, alisomea ukatibu muhtasari. Akawapa sokwe majina: Flo, Fifi, David Greybeard. Cambridge walipomkubali kusoma udaktari wakamwambia sokwe wapewe namba, majina si sayansi. Akakataa. Leo nani anakumbuka namba? Ningekuwa na uwezo Karani ningekwambia tafuta anthropolojia.

#28 Mha wa Texas
Anthropolojia kwenye vyuo vingi ni sayansi ya jamii 😅 Haitamsaidia. Ila hadithi nzuri.

#29 Mpwa wa Uvinza
Mimi nina maelezo tofauti na yenu wote. Siyo dini, siyo jeshi, siyo pesa ya mwanafunzi. Ni ajira ya walimu. Idara ya falsafa ina wanafunzi wachache wanaosomea falsafa yenyewe. Bila hawa wa biashara na unesi wanaolazimishwa, walimu watafundisha nani? Ndiyo maana kila chuo kikitaka kupunguza kozi za lazima panawaka moto kwenye vikao vya maprofesa. Kila idara inapigania kundi lake.

#30 Mwalimu wa Zamu
Hilo la Mpwa lina ukweli mchungu.

#31 Asali Mbichi
Kwa hiyo ni PESA. Asanteni.

#32 Nesi wa Maweni
Hapana, wewe ulisema pesa ya chuo. Mpwa anasema mishahara.

#33 Asali Mbichi
Mishahara ni nini, dada yangu?

#34 Mhasibu Mpole
Karani, mimi nimepitia njia kama yako, nimemaliza. Acha nikwambie kwa vitendo. Mzigo wa kozi hizi ni kuandika. Kila wiki unaandika mjadala, unawajibu wenzako wawili au watatu, halafu insha. Kwenye biashara umezoea kunukuu kwa APA, ukiingia fasihi wanataka MLA, historia wanaweza kukudai mtindo wa Chicago. Vijialama hivyo vinakula maksi. Pakua mwongozo mapema, siku ambayo mtandao una nguvu.

Fasihi ya Dunia ilikuwa na kusoma kwingi kuliko zote. Historia ya Sanaa nayo ni picha tupu, kila ukurasa picha nzito, kwa bando la kule kwetu Sikonge ilikuwa inazunguka tu. Maadili ndiyo ilinifaa kuliko nilivyotegemea. Kuna wiki nzima tulijadili mtu anayejua siri ya hesabu za mwajiri wake, aseme au anyamaze. Nilikuwa na mfano wangu wa chama cha ushirika, sikuutaja jina, nikaandika kurasa sita bila kuangalia saa. Nimefanya ukaguzi wa vyama vya msingi vitatu tangu nimalize na bado nakumbuka ile wiki kuliko kozi nzima ya masoko.

Kingine, tazama kama chuo kinaruhusu kozi moja itimize masharti mawili. Programu nyingi za biashara zina sharti la maadili. Kama Maadili ya idara ya falsafa inakubalika pande zote mbili umeokoa kozi nzima.

#35 Mha wa Texas
Mhasibu umemaliza kila kitu. Naongeza moja: krediti zinazidi kuwa ngumu ukipanda namba. Kozi za 100 na 200 ni za chini, 300 na 400 ni za juu, na chuo kinaweza kudai idadi fulani ya za juu. Usijaze za chini tupu.

#36 Kinana wa Chem Chem
Si kuna mitihani ya kuruka kozi? Nimesikia CLEP.

#37 Mha wa Texas
Upo. CLEP ya College Board, na mmoja wa mitihani yake unaitwa hivyohivyo, Humanities. Alama ni 20 mpaka 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kupewa krediti. Lakini kila chuo kinaamua kinakubali ipi na kwa alama ngapi. Nusu ya maswali ni fasihi, nusu ni sanaa na muziki. Mtu aliyesema riwaya ya mwisho ni ya kidato cha nne simshauri.

#38 Karani wa Tumbaku
Umenifunga mdomo, mkuu.

Mrejesho: mshauri amejibu usiku wa manane saa zetu. Mantiki kwenye katalogi yangu iko kundi la hesabu, kama Mha alivyohofia, na kundi hilo nimeshalijaza na takwimu. Maadili inatimiza humaniti, na pia inakubalika upande wa biashara. Kwa hiyo Maadili nimejisajili. Ya pili nimebaki kati ya Dini za Dunia na Ugiriki na Roma. Falsafa haiwezekani tena kwa sababu iko idara moja na Maadili.

Asali Mbichi, bado niko na wewe kwenye hoja ya pesa, ila nimelipa.

#39 Frateri Mstaafu
Masikini Mantiki. Dini za Dunia ni nzuri ila usiingie na Biblia wala Msahafu ukadhani unakwenda kuhubiri. Wanataka ueleze Mhindu anaamini nini kwa namna ambayo Mhindu mwenyewe akisoma atakubali. Kuna watu wacha Mungu sana wanafeli hapo.

#40 Mpwa wa Uvinza
Ugiriki na Roma ukachukue ili iweje? Dola ya Mirambo je? Wanyamwezi walikuwa na misafara mpaka pwani, hakuna kozi?

#41 Mgebuka Mkavu
Andika wewe hiyo kozi, sisi tutalazimishwa.

#42 Mwalimu wa Zamu
Kabla sijasahau, Karani: cheti cha nje ukija kukitumia kuomba kazi serikalini, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ndiyo inayotathmini tuzo za vyuo vikuu vya nje. Kaangalie hadhi ya chuo chako sasa hivi, kabla hujalipa semista nyingine. Hilo lingekuwa post ya kwanza kwenye uzi huu.

#43 Karani wa Tumbaku
Niliangalia kabla ya kujiunga, mwalimu, asante. Nimechukua Dini za Dunia. Wiki ya kwanza ni Uhindu, kurasa 60, na umeme umekatika tangu saa kumi.

#44 Nesi wa Maweni
Jamani na mimi nina swali, msifunge uzi. Nimepata nafasi ya kuongeza digrii ya unesi kwa mtandao, nao wanadai saikolojia ya ukuaji NA kozi moja ya humaniti. Saikolojia nishasoma kwenye diploma. Wanaweza kuihamisha au narudia?

#45 Mha wa Texas
Nesi, diploma ya wapi, na ya mwaka gani? Una maelezo ya kozi yenyewe, silabasi, siyo cheti tu? Lete tuone.